Pima Kwanza, Ndipo Useme "Nunua"

Hotuba ya fundi mkongwe kwa vijana wanaohitimu ufundi wa magari, Tanga

Mkuu wa chuo, walimu, wazazi na walezi mliofunga safari kutoka Muheza, Korogwe na Pangani, na ninyi vijana wetu mnaohitimu leo, hamjambo. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni.

Nimeambiwa nizungumze jambo litakalowafaa huko mnakokwenda. Nimekaa gereji miaka 38, na mambo ni mengi. Nimechagua moja tu: gari kuukuu ambalo asubuhi limegoma kuwaka. Nimelichagua kwa sababu mwenye gari jipya ana pa kulipeleka. Ninyi mtakaopata kibanda chenu barabara ya ishirini na kitu, au chini ya mti pale njia panda, atakayewafuata ni mwalimu mstaafu, mvuvi, mama wa mgahawa, kijana aliyenunua taksi ya mkono wa nne. Gari likilala, na nyumba inalala njaa. Huyo ndiye bosi wenu.

Nje pale, chini ya mwembe, mmeliona lile Corolla la kijivu. Ni KE70, injini ya 4K, ujazo wa sisi (cc) 1290, kabureta moja, disibuta ya pointi, yaani mgawa cheche wenye vibao viwili vinavyokata na kuunga umeme, na hakuna kompyuta hata moja ndani yake. Nimekuja nalo asubuhi likiwa zima kabisa. Sasa hivi haliwaki. Nimeliharibu mwenyewe kitu kimoja kabla sijaingia humu, na walimu wenu hawajui ni kipi. Tutarudi kwalo.

Naomba kwanza niwasimulie kosa langu. Nilikuwa na miaka 22, nimetoka juzi tu kwenye uspanaboi, yaani uanagenzi wa gereji, najiona fundi. Akaja mama mmoja wa Pangani na pikapu yake ya kubebea nazi. Ukizungusha ufunguo, stata inasema "tak!" mara moja, halafu kimya. Nikamwambia, mama, stata imekufa. Akaenda, akarudi jioni ya pili na stata. Nikafunga. Tak! Nikamwambia, basi mama ni betri. Safari hii alikopa. Nikafunga betri mpya. Tak!

Siku ya tatu mzee aliyenifundisha kazi akapita. Hakushika spana. Aliniambia, "Piga stata, uishikilie kidogo." Mimi nikazungusha ufunguo, yeye kaweka kiganja juu ya waya wa choki, ule mwembamba unaotoka kwenye dashibodi kwenda kwenye kabureta. Akautoa mkono upesi. "Njoo uguse." Nikagusa. Ulikuwa wa moto kama sufuria.

Mnajua kwa nini. Umeme wa stata ni zaidi ya ampia 100, na umeme wote unaotoka kwenye chanya ya betri lazima urudi kwenye hasi. Injini imekalishwa juu ya mipira, haigusani na bodi chuma kwa chuma, ndiyo maana imewekewa waya mnene wa athi kuifunga na bodi. Waya ule kwenye pikapu ya mama ulikuwa umeoza ndani ya ganda lake. Kwa nje mzuri, kwa ndani unga wa kijani. Umeme ukakosa barabara, ukapita kwenye kichochoro, yaani waya wa choki. Mzee akachukua waya mnene wa kuazimia umeme wa betri ya gari jingine, akaunganisha injini moja kwa moja na hasi ya betri, akanipa ishara. Injini ikazunguka, ikawaka hapo hapo.

Dawa ilikuwa kipande cha waya na bolti mbili. Yule mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ile stata yangu ya zamani iko wapi?" Nilikuwa nimeshaiuza kwa wanunua vyuma chakavu.

Tangu siku ile sijamwambia mtu anunue kitu ambacho sijakipima. Ndilo ninalowaomba leo, na yote nitakayosema yanafuata hapo hapo.

Sasa tuingie kazini. Mteja amefika, anasema gari haliwaki. Neno hilo ni pana mno. Haliwaki vipi? Linazunguka na halishiki, au halizunguki kabisa? Jana lilizimwa likiwa zima, au lilizimika lenyewe njiani? Lilinyeshewa? Kuna mtu alilishika wiki hii, hata kama ni fundi wa redio? Muulizeni kwa heshima na mmwache amalize. Mara nyingi mwenye gari analo jibu ila hajui kuwa ndilo jibu. Mzee mmoja alinieleza matatizo nusu saa, mwisho akasema, "Na tangu juzi nasikia harufu ya petroli nikipima oili." Nikachomoa kijiti cha oili, nikanusa. Kile kiwambo cha mpira cha pampu ya mafuta kilikuwa kimepasuka, petroli inashukia kwenye oili badala ya kupanda kwenye kabureta. Gari la namna hiyo usiendelee kulipigia stata. Oili imeshakuwa maji, unakula beringi.

Kisha lisikilizeni. Mmoja azungushe ufunguo, wengine mnyamaze. Likisema "tak" moja nzito, umeme umefika kwenye stata lakini hauna nguvu ya kuizungusha, au stata yenyewe imekwama. Likisema "tatatatata" kama cherehani, betri imechoka au vichwa vyake vimeshika kutu. Likiwa kimya kabisa, umeme haujafika hata mlangoni: tazama fyuzi, swichi ya ufunguo, na kama ni gari la oto hebu rudisha gia kwenye P uisukume hadi N, maana kuna swichi pale chini inayolikataza. Likizunguka kwa kuvuta, "wuu... wuu... wuu," rudi kwenye betri na athi. Na likizunguka mbio kuliko kawaida, jepesi, halina pumzi, acha mara moja. Kwenye injini za mkanda, hiyo ndiyo sauti ya mkanda wa taimingi uliokatika, na kila unapopiga tena unaweza kuwa unagonganisha valvu na pistoni.

Huna multimita? Washa taa kubwa, elekeza gari ukutani, piga stata. Taa zikizima kabisa, betri ni tupu au kuna kiungo kimelegea. Zikififia na ikasikika "tak", betri dhaifu au stata nzito. Zikibaki kali kana kwamba hujagusa kitu, umeme hauendi kwenye stata. Kipimo hicho hakina gharama yoyote.

Ukiwa na multimita, na mshahara wa kwanza naomba ununue multimita kabla ya simu, betri iliyojaa na kutulia inasoma volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 hiyo ni ya kuchajiwa, usihukumu kitu kingine chochote kabla hujaichaji. Halafu pima wakati mwenzako anapiga stata: isishuke chini ya volti 9.6. Ikiwa volti zimesimama vizuri na stata bado inavuta, weka ncha moja ya multimita kwenye chuma cha injini na nyingine kwenye kichwa cha hasi, pigeni tena. Ukiona zaidi ya nusu volti, athi yako ni mbovu. Kipimo hicho kingemwokolea mama wa Pangani stata na betri kwa pamoja.

Sisi watu wa pwani tuna adui wetu, chumvi ya bahari. Ule unga mweupe na kijani kwenye vichwa vya betri usiukwangue ukiwa mkavu ukarukia machoni. Koroga magadi kwenye maji ya moto, mwagia taratibu. Tindikali itatoa povu na kuisha. Mfuniko wa betri uwe umefungwa, magadi yasiingie ndani. Unapofungua, hasi itoke kwanza. Unapofunga, hasi iwe ya mwisho. Na usiinamie betri inayochajiwa ukiwa na sigara. Inatoa haidrojeni. Nina rafiki aliyepoteza jicho kwa jambo hilo, na alikuwa fundi mzuri kunizidi.

Tuseme sasa injini inazunguka vizuri, ila haishiki. Hapo mafundi wengi hukimbilia kabureta. Wanaifungua yote mezani, jeti zake ndogo za kupitishia petroli zinapotea kwenye mchanga, na gari lililokuja na ugonjwa mmoja linaondoka na mitatu. Niwaambie kwa uzoefu wangu: kwenye magari ya pointi, nimekuta ubovu upande wa cheche mara nyingi zaidi kuliko upande wa mafuta. Anzeni na cheche.

Chomoa plagi moja, irudishe kwenye kofia ya waya wake, ilaze juu ya chuma cha injini mbali na tundu, mwenzako apige stata. Cheche nzima ni ya bluu na unaisikia inapasuka. Ikiwa ya manjano na nyembamba, hiyo haitawasha kitu ndani ya silinda yenye mgandamizo. Kama hakuna, fungua kofia ya disibuta uzitazame pointi. Zungusha injini hadi zifunguke kabisa; mwanya wa 4K ni karibu milimita 0.45 kwa fila geji, kile kipimo cha vibati vyembamba. Zikiwa zimekaa zimefungana, kile kisigino cha plastiki kimelika, gari haliwezi kuwaka. Zikiwa nyeusi zimechomeka, zisafishe kwa msasa laini halafu pitisha karatasi safi katikati, maana chembe moja ya mchanga au tone la oili linatosha kukata umeme. Zikiungua tena wiki ileile, kondensa inayozilinda imekufa.

Wakati wa masika, tazameni kofia yenyewe. Unyevu unaingia usiku, asubuhi imetoa jasho kwa ndani. Pangusa kwa kitambaa kikavu, na umulike kwa tochi: ukiona mstari mwembamba mweusi, kama mtu kachora kwa penseli kutoka nguzo moja hadi nyingine, cheche imeshajipatia njia yake na kukausha hakutasaidia. Hapo ndipo unaposema nunua. Na kama unashuku waya za plagi, subiri giza, fungua boneti, piga stata. Waya mbovu utauona unameta kama kimulimuli.

Kuna ugonjwa mmoja nataka mwondoke nao vichwani, kwa sababu umewashinda wengi. Gari linazunguka, linashika, "vruum," na sekunde ileile unapoachia ufunguo linazima. Ukipiga tena, vilevile. Watu watakuambia mafuta, na watasafisha tangi. Koili, kile chombo kinachokuza umeme wa cheche, nyingi za zamani haziendeshwi kwa volti 12 kamili muda wote. Zina rezista, kile kidude cheupe cha kauri kilichofungwa ubavuni mwa koili. Unapopiga stata, umeme unairuka rezista na kwenda moja kwa moja kwenye koili, ili cheche iwe kali wakati betri imeelemewa. Unapoachia ufunguo, unarudi kupita kwenye rezista. Rezista ikikatika, gari lina cheche wakati wa stata tu. Mlio wa ugonjwa huu haufanani na mwingine wowote: linawaka mkononi mwako na kufia mkononi mwako. Pima kidude hicho kwa omu. Hakina bei kubwa, na ukikitambua mbele ya mteja ambaye ameshazunguka gereji nne, atakuletea ukoo wake mzima.

Mfumo huu wa koili na pointi ni wa Charles Kettering, Mmarekani, huyo huyo aliyetengeneza stata ya umeme iliyofungwa kwenye Cadillac za mwaka 1912. Kabla yake injini ilizungushwa kwa hendeli, na Land Rover za zamani zilizojaa nchini kwetu ziliendelea kuwa na hendeli yake. Wazee humu ndani wanakumbuka utingo alivyofunzwa: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, usiizungushie hendeli, maana injini ikipiga nyuma inavunja mkono. Nawaambia haya ili mjue kwamba mashine mnayoishika ina zaidi ya miaka mia moja ya watu waliofikiri. Hakuna waya uliowekwa pale kwa bahati.

Mafuta nitayapita haraka. Toa kifuniko cha kichujio cha hewa, chungulia mdomo wa kabureta, kanyaga mafuta kwa mkono huku injini imezimwa. Ukiona petroli inaruka kama mkojo wa mtoto, pampu na bakuli la petroli ndani ya kabureta ni salama, rudi kwenye cheche. Kabureta ya 4K ina kidirisha cha kioo kabisa; petroli ndani yake inaonekana imefika wapi, na bado kuna watu wanaifungua bila kukitazama. Washa ufunguo bila stata, sikiliza "tik" ya solenoidi, valvu ndogo ya umeme ya kabureta. Ikikaa kimya, gari litawaka ukikanyaga na kuzima ukiachia. Na plagi ikitoka imelowa, umemimina mno: kanyaga mafuta hadi chini, usikanyage na kuachia, shikilia, zungusha sekunde chache hadi hewa ipite.

Petroli yenyewe pia ishukuni. Tangu mwaka 2010, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilipoanza kuweka vinasaba, yaani alama maalumu za utambuzi, kwenye mafuta, uchakachuaji umebanwa, lakini mafuta ya kwenye vidumu vya njiani hayana mlinzi. Dondosha tone kwenye kiganja. Petroli safi inapaa na kuacha ngozi kavu. Ikiacha utelezi, kuna mafuta ya taa humo.

Jambo moja kwenye mafuta sitalipita haraka. Msimimine petroli kwenye mdomo wa kabureta huku mtu anapiga stata. Najua mtaona mafundi wakubwa wakifanya hivyo. Taimingi, yaani wakati wa cheche, ikiwa imekosewa kidogo tu, mwali unarudi juu, na kopo liko mkononi mwako. Nimezika spanaboi mmoja aliyekuwa na miaka 17. Mama yake alikuwa akimletea chakula cha mchana gereji kila siku, na aliendelea kuja kwa wiki nzima baada ya mazishi, akakaa pale pale kwenye tairi alipozoea kukaa. Nawasihi kwa jina la mama yule.

Dizeli mtafundishana kazini. Kwa leo kumbukeni kwamba gari la dizeli lililoishiwa mafuta limeingiza hewa, na stata haiwezi kutoa hewa hiyo. Fungua skrubu ya kutolea hewa, piga pampu ya mkono hadi mapovu yaishe, funga. Mkiendelea kupiga stata mtaiua stata na betri kwa siku moja. Kwa gari lolote lile, sekunde kumi, halafu lipumzike.

Na vipi ukipima yote, umeme upo, cheche ipo kwa wakati wake, petroli inafika, na bado? Ndipo upime mgandamizo kwa geji, silinda moja baada ya nyingine. Hapo tu ndipo lizungumzwe neno la kufungua injini. Lisizungumzwe kabla.

Vijana wangu, mtaulizwa "shida nini?" mkiwa mmesimama mbele ya boneti, mteja ana haraka, na wenzenu wanawatazama. Mdomo utataka kutaja kitu, chochote, ili uonekane unajua. Semeni, "Bado sijajua, nipe nafasi nipime." Mteja wa kweli hatakukimbia. Na kitu cha zamani ukikitoa kwenye gari la mtu, kifunge kwenye karatasi umkabidhi mkononi. Ni mali yake, hata kikiwa kimekufa.

Nimesema vya kutosha, na jua linaanza kuufikia mwembe. Ufunguo wa Corolla huu hapa. Multimita imo kwenye kiti cha mbele, fila geji imo ndani ya soksi kwenye dashibodi, na nimeacha tochi. Hakuna spea yoyote ya kununua, wala hamtahitaji. Mkuu wa chuo, kwa ruhusa yako tutoke. Mmoja wenu akae kwenye usukani apige stata, na ninyi wengine wote, mnyamaze.